Matanga kwenye Pagale la Mjomba Yasini

Shambani, Ruaha Mbuyuni
12 Mei 2024

Mpwa wangu Mastura,

Pokea salamu zenye harufu ya vitunguu, maana huku hakuna harufu nyingine. Mimi mzima. Natumai na wewe u mzima, na mama yako Hasina mguu umepoa, na yule jogoo wake mwenye kiburi ameshaingia sufuriani. Kama bado, mwambie dada asimchinje mpaka nije. Nina hesabu naye.

Uliniuliza kwenye simu kwa nini nataka tuandikiane barua kama watu wa zamani. Nitakwambia. Ili nipate mtandao inanibidi nipande kilima. Nikishapanda tunaongea vizuri kabisa, habari ya jogoo, habari ya mguu, habari ya harusi ya Zuwena. Nikigusa tu habari ya mabati unaanza, "Haloo? Mjomba? Sikusikii, mjomba." Mtandao gani huo unaochagua maneno? Karatasi haikatiki. Hii utaisikia.

Sasa nauliza. Mabati niliyotuma mwaka jana yamelala kwa mama yako. Mbao za kenchi zipo. Kuta zimepita linta tangu siku nyingi. Kilichobaki ni Fundi Shekhe apande juu apigilie. Kwa nini hajapanda? Anaumwa? Kahama? Ngazi imevunjika? Nyumba imekaa bila kichwa mpaka watu wameacha kuiita nyumba, wanaiita pagale la Yasini, na mimi jina hilo limenichosha. Nataka iwe na paa kabla ya mvua za vuli. Chumba cha mbele nipangishe wageni wanaokuja kuogelea, cha nyuma nilale mimi.

Usiniulize kwa nini naharakisha. Mtu akitaka kuezeka nyumba yake haulizwi, anaezekewa.

Kazi huku ni kuvuna. Zamani nilikuwa nabeba viroba kutoka majarubani mpaka kwenye lori. Siku hizi bosi kaniweka chini ya turubai pamoja na akina mama, tunachambua vitunguu: vikubwa huku, vidogo huku, vilivyooza kule. Tuseme nimepanda cheo. Mkubwa wetu hapo turubaini ni Bibiana, mama mmoja mwenye sauti ya kengele. Anasema nina mkono mwepesi kwa mwanamume.

Msalimie mama yako. Na ujibu swali nililouliza, siyo ambalo sikuuliza.

Mimi mjomba wako,
Yasini


Ushongo
9 Juni 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika ikinuka kweli, mama kaiweka dirishani siku nzima kabla hajaniruhusu niifungue ndani. Sisi wazima. Mguu wa mama umepoa, ila unapoa pale tu anapotaka kwenda ngomani, ukija wakati wa kuchota maji unavimba tena. Jogoo yuko hai. Wiki iliyopita kamfukuza mwalimu wa madrasa mpaka kiatu kimoja kikabaki uani. Harusi ya Zuwena ilikuwa nzuri, bwana harusi alichelewa, pilau ikawahi, kwa hiyo hakuna aliyelalamika.

Mabati yako salama, mjomba. Mama kayafunika na mkeka.

Nina habari njema. Nimekuwa mwongozaji! Pale chekechea nafundisha asubuhi tu, kwa hiyo mchana nimeanzisha kikundi cha maigizo cha vijana. Tunaigiza nje, siyo ukumbini. Watu wa mradi wa mazingira walitupa fulana na spika moja, spika ikaharibika siku hiyohiyo, fulana zipo. Tulijaribu kuigiza ufukweni kabisa lakini upepo unakula maneno. Nikisema "Ole wenu!" watu wa nyuma wanasikia "...wenu", wanadhani wanaitwa.

Ndipo tukaingia kwako. Mjomba, pagale lako lina sauti! Kuta zinashika maneno na zinayarudisha. Watazamaji wanakaa sebuleni kwenye mikeka, jikoni ndiko tunabadilishia nguo, na waliochelewa wanakaa madirishani, tunawaita watu wa ghorofani. Jua la saa kumi linaingia kwa juu kama taa. Lingekuwa na paa, mjomba, tungeigiza gizani.

Nyota wetu ni Asheri, kijana wa Kisambaa, wazazi wake walikuja kwenye mashamba ya mkonge. Ni mtani wetu kwa hiyo haheshimu mtu. Anaiga kila mwendo wa Ushongo. Akimwiga mama anapochota maji, mama mwenyewe anacheka mpaka anasahau mguu.

Lakini kwa nini una haraka na paa? Si ulisema mkataba wako unaisha mwakani?

Mpwa wako,
Mastura


Shambani, Ruaha Mbuyuni
30 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa mguu wa dada na kwa kiatu cha mwalimu. Huku tumepata ugeni wa nyani, wanakuja kung'oa vitunguu, wanamega kimoja, wanatema, wanang'oa kingine kana kwamba kinachofuata kitakuwa embe. Mwenzangu Ayubu, tunayelala naye chumba kimoja, kawawekea sanamu lililovaa shati langu. Nyani wamelikalia begani. Kumbe hata kwa nyani nina sura ya kukaliwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta neno "fundi". Halimo. Nikatafuta "Shekhe". Hayumo. Nimemkuta Asheri, nimemkuta jogoo, nimekuta spika. Mastura, nyumba yangu haina paa na tayari ina wapangaji wasiolipa! Sina neno, ezekeni kwanza, halafu mcheze humo mpaka meno yang'oke. Ila mtu asichore ukutani, na hao wa ghorofani wasinikwangulie madirisha, na jikoni kwangu kusigeuke choo. Nawajua vijana, nilikuwa mmoja wao.

Na mchezo wenyewe unahusu nini? Usiniambie "mazingira". Hilo ni neno la kwenye fulana. Niambie nani anamfanyia nani nini.

Namtuma dereva mmoja, anaitwa Safari. Tunamjua hapa mwaka wa tatu huu, ana lori la vitunguu na moyo laini kupita kiasi. Anakuja kushusha mzigo Pangani, nimemwomba afike na Ushongo akuletee misumari ya bati. Ataulizia pagale la Yasini, kila mtu atamwonyesha, ndiyo faida pekee ya jina hilo. Mpokee, mpe maji ya kunywa, misumari mpe Shekhe mkononi. Mkononi, Mastura.

Mimi mjomba wako,
Yasini


Shambani, Ruaha Mbuyuni
18 Agosti 2024

Mpwa wangu Mastura,

Salamu kutoka kwa marehemu.

Mimi mzima, ingawa nimeshazikwa. Natumai na ninyi mnaendelea vizuri tangu msiba wangu, na mama yako kamaliza kulia. Julai yote sikupata barua, nikasema watu wana shughuli. Kumbe shughuli yenyewe ni mimi.

Nisikilize. Bosi alinituma shamba la juu huko milimani nikachambue mbegu wiki nzima. Narudi jioni ya Ijumaa nakuta mikeka imetandikwa mbele ya kambi. Ayubu kavaa buti zangu za mpira. Bibiana kaniona, katupa beseni, kapiga kelele moja mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Wa kwanza kunisogelea ni Safari, macho mekundu.

"Yasini?"

"Sasa nani?"

"Wewe si umezikwa?"

"Kanizika nani?"

"Kwenu! Nimeona kwa macho yangu. Nimelia, bwana. Mimi nimelia kwenu mpaka wamenipa kanga nifute uso!"

Hapo nikamkalisha anieleze taratibu. Anasema kafika Ushongo, kauliza pagale la Yasini, kaonyeshwa. Kakuta mikeka, wanawake wamejitanda kanga, wanalia. Katikati kuna mtani anatembea kwa mwendo wangu, bega moja juu moja chini, kiroba mgongoni, anapiga kelele, "Haya haya haya, mgongo haujapasuka!" kama ninavyosema mimi nikibeba mzigo. Watu wanalia, watu wanacheka. Safari ni Mnyamwezi, matanga yenye watani anayajua tangu tumboni. Mtani anamwigiza nani kwenye matanga? Anamwigiza maiti! Basi akajua nimekufa, nimekufa njiani yeye akiwa barabarani na simu zimemtangulia.

Hata hivyo akataka kuhakikisha, akamwuliza mama mmoja mkekani, "Marehemu alikuwa anaumwa?" Mama yule akamjibu bila kugeuka, "Wala hakuumwa. Walimchota kidogo kidogo mpaka akaisha." Safari akasema moyoni, kweli, kazi ya vitunguu ndivyo inavyomfanya mtu. Akaacha misumari. Akashusha na kiroba kizima cha vitunguu kuwa ubani wangu. Akaondoka analia mpaka Segera.

Kambini wakanisomea dua nzuri, nimesikia. Halafu wakanirithi. Godoro kwa Bibiana, buti kwa Ayubu, simu niliyoiacha kambini pia kwa Ayubu, naye kesho yake kamwuzia dereva wa trekta. Godoro limerudi. Buti zimerudi zimepanuka. Simu ndiyo hiyo imekwenda, kwa hiyo barua ndiyo mdomo wangu sasa.

Sasa sema, Mastura. Nani kakupa ruhusa ya kunizika? Marehemu wa kwenye mchezo ni nani, na mimi nimeingiaje humo na mwendo wangu? Safari anataka vitunguu vyake, au anasema nife kweli ili vitulie. Na kubwa kuliko yote: Safari namwuliza, "Nyumba umeiona ina kenchi?" Ananitazama. "Nyumba gani, Yasini?" anasema. "Mimi nimeona kuta na bahari." Sikumwelewa. Nieleweshe wewe.

Mjomba wako, niliyefufuka,
Yasini


Ushongo
1 Septemba 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo, na pole sana kwa msiba wako.

Mama kaisoma barua yako kwa sauti, kafika kwenye "Walimchota kidogo kidogo", kaidondosha. Mama aliyemjibu Safari ni yeye! Siku hiyo alikubali kukaa mkekani kama mfiwa, na yule bwana alipomwuliza alidhani ni mtazamaji anayechangamkia mchezo, kwa hiyo akamjibu maneno ya mchezo. Alisema usiku ule, "Yule mgeni anajua kuigiza kuliko ninyi wote, machozi yake ya kweli." Vitunguu tulidhani ni zawadi ya kikundi. Samahani, mjomba, vimeshaliwa kwenye pilau. Hatukujua tunakula ubani wako.

Sasa nakujibu ulichouliza tangu Juni. Marehemu wa mchezo si wewe. Ni bibi mmoja anaitwa Bi Mchanga, amelala mbele ya kijiji miaka yote, anaizuia bahari isiingie majumbani. Kila mtu anampenda na kila mtu anamchota. Huyu kiroba cha kujengea, huyu ndoo ya kupiga plasta, huyu tipa zima usiku. Siku moja bahari inagonga, hakuna wa kuifungia mlango, Bi Mchanga ameisha. Wanamwekea matanga. Anakuja mtani, na kwa kuwa marehemu hana mwendo wa kuigiza, mtani anawaigiza waliombeba. Hapo ndipo Asheri anatoka na kiroba.

Nilimwambia aige mtu yeyote. Akakuiga wewe, kwa sababu pagale ni lako, na kwa sababu watu wote wanakumbuka ulivyochota pale mbele ulipokuwa unafyatua matofali, na lile "haya haya haya" lako. Watazamaji walianguka. Nami nikaliacha, kwa kuwa lilichekesha. Nilikosa kukuuliza.

Lakini kuna jambo jingine na ndilo linalonikatisha simu kila ukitaja mabati.

Mjomba, ngazi za mbele hazipo. Zilikwenda mwaka jana, Desemba. Nikasema ni ngazi tu. Mwezi wa nne kibaraza kikapasuka, kikainama, kikaenda nacho. Siku za bamvua, bahari ikijaa kabisa, maji yanaingia sebuleni, yanazunguka, yanatoka kwa mlango wa nyuma kama mgeni aliyekosea nyumba. Sisi tunatazama kalenda ya mwezi kabla ya kupanga onyesho, tusije tukaloa. Fundi Shekhe nilimleta mara mbili. Mara ya pili alipanda, akatikisa ukuta wa mbele, akashuka polepole. "Mastura," anasema, "nikipigilia kenchi juu ya ukuta huu, nitashuka pamoja nao. Mwambie mjomba wako." Nikamwambia nitakwambia. Halafu nikashindwa. Nikaandika mchezo badala yake.

Tunaigiza mle kwa sababu kuta zina sauti, hilo kweli. Lakini pia kwa sababu watu wakiwa wamekaa sebuleni kwako na bahari wanaiona hapo mlangoni, sihitaji kuwaeleza chochote.

Nisamehe. Mama anakusalimu, anasema usimwandikie kwa hasira, niandikie mimi.

Mpwa wako,
Mastura


Shambani, Ruaha Mbuyuni
15 Septemba 2024

Mastura,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua hakuna. Mama yako msalimie.

Barua nimeipata. Mchanga ule kila mtu kachota. Fundi Shekhe kachota. Uwanja wa shule ulijazwa nao. Mama yako mwenyewe alichukua wa kuzungushia jiko. Hao wote wamekaa mkekani wananicheka mimi, kwa sababu mimi niko mbali na mtu wa mbali hawezi kuinuka akasema, na wewe je? Huo si mchezo, huo ni umbea uliopewa fulana.

Nyumba ile nimeibeba mgongoni miaka sita. Kila tofali. Msinifundishe nyumba yangu kwa matanga.

Iezekeni. Kama Shekhe anaogopa tafuteni fundi kutoka Nguvumali, huko mjini hawaogopi maji kwa kuwa hawayajui. Kabla ya vuli. Nimemaliza.

Yasini


Ushongo
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima, ila jogoo kafa. Hakuchinjwa, kapigana na pikipiki. Mama kamlilia kuliko alivyokulilia wewe mkekani.

Barua yako niliisoma kwa kikundi kizima. Hawakupenda, ila Asheri alisema, "Mjomba kasema kweli. Tumemwonea." Kwa hiyo tumebadilisha. Sasa mtani anaigiza watu wote. Anaanza na Fundi Shekhe anavyopima mchanga kwa macho kama anachagua nyama. Anakuja mwenyekiti wa kitongoji, "Chukueni kidogo tu, kidogo tu," huku toroli lake limejaa. Anakuja mama na karai lake kichwani anasema, "Huu si kuchota, huu ni wa jiko!" Mwenyekiti aliinuka akatoka kwa hasira, akafika mlango wa mbele, akakuta maji, akarudi akakaa. Watu walicheka hata yeye akacheka. Wewe uko wa mwisho, na sasa wakikufikia hawakuchekei peke yako.

Tangu siku hiyo toroli la mwenyekiti sijaliona ufukweni. Sijui kama ni aibu au gurudumu.

Lakini paa haliwezekani, mjomba. Kwenye bamvua ya mwezi uliopita dirisha moja la mbele limekwenda na fremu yake. Fundi wa Nguvumali nilimwita kweli, usiseme sikukusikia. Alisimama nje, akatazama, akauliza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nikasema yuko mbali. Akasema, "Basi abaki hukohuko," akarudi mjini.

Mama ananiambia nikuandikie hivi, neno kwa neno: "Yasini, kile kiwanja cha nyuma ya kwangu, penye minazi minne, si changu. Mama alikiacha chako. Sijajenga, sijalima, hata madafu ya upande huo watoto wakitaka nawaambia yana mwenyewe. Wewe ndiye uliyekikimbia ukitaka wageni wa kuogelea. Kwangu hurudi kulelewa. Unarudi kwako, mimi ni jirani tu, tena jirani mbaya."

Na mimi nina langu. Safari amepita tena Pangani, nimempikia, tumemalizana habari ya vitunguu. Akaniuliza, "Bega la mjomba wako linaendeleaje?" Nikasema bega gani. Akanieleza kwamba mkono wa kulia haupandi tena, kwamba shati unavalishwa na Ayubu, kwamba ndiyo sababu umewekwa turubaini na akina mama, na kwamba mkataba wako hawatauongeza. Kumbe ndio huo "upandaji wa cheo".

Wewe hukuniambia bega, mimi sikukuambia bahari. Tumetoshana. Sasa tuambiane.

Mpwa wako,
Mastura


Shambani, Ruaha Mbuyuni
27 Oktoba 2024

Mpwa wangu Mastura,

Marahaba, marahaba sana. Pole kwa jogoo. Nilimchukia lakini nilitaka nimchukie kwa mkono wangu. Hapa tumemaliza kuvuna, kambi imebaki na mbwa, Bibiana na sisi wachache. Ayubu anakusalimu ingawa hakujui, na buti nimempa. Zilishapanuka, basi zimfae.

Bega ni kweli. Lilianza mwaka jana kama mchezo, asubuhi linauma, mchana linasahau. Siku moja niliinua kiroba, kikabaki chini, mimi ndiye nikainuka. Mkono haupiti usawa wa kidevu. Sikuandika kwa sababu niliona nikisema sina bega, mtasema basi na nyumba ya nini. Nilitaka nije nikae chini ya paa langu kwanza, halafu ndiyo niumwe vizuri. Haraka yangu yote ilikuwa hiyo.

Baada ya barua yako ya Septemba nilikaa na hasira mpaka Bibiana akanihamisha upande wa vilivyooza. Nilimwambia Safari anichoree chini kwa kijiti alichokiona. Akachora kuta nne. Akachora maji. Akauliza, "Ngazi nichore wapi?" Nikamwambia acha.

Mchanga siwaombi radhi. Nilijenga kama watu wote walivyojenga. Ila hilo la mwenyekiti kufika mlangoni akakuta maji nimelicheka peke yangu turubaini, Bibiana akadhani nimeugua.

Sasa sikiliza, mkurugenzi, mwongozaji, sijui mnajiitaje. Mwambie dada nakubali kiwanja. Mwambie pia kwamba jirani mbaya ni mimi. Mabati yatoke kwenye mkeka, mbao Shekhe azianike. Lakini sinunui tofali hata moja na wala sifyatui. Matofali ninayo, yamesimama pale mbele yanaingoja bahari. Yale niliyajenga mwenyewe, na saruji niliibana sana, udongo wa katikati ya matofali ni kama unga wa mkate. Nilikuwa nalionea haya jambo hilo, leo nalifurahia: nyundo mbili tatu, tofali linatoka zima. Mwambie Shekhe aanze na ukuta wa nyuma na kuta za ndani, ule wa mbele asiuguse mpaka niwe nimesimama hapo.

Nafika Ijumaa tarehe nane. Jumamosi tarehe tisa nimetazama mwezi wenu, ni maji mafu, bahari itakuwa mbali na imetulia. Siku hiyo fanyeni onyesho la mwisho ndani ya kuta zangu. Mchezo wote, usikate kitu. Mtani awaigize watu wote, na akinifikia mimi Asheri akae pembeni, hana bega la kazi hiyo. Nitajiigiza mwenyewe.

Bi Mchanga akishaliliwa, watu wakiinuka kutaka kwenda makwao, mimi nitakuwa nimesimama mlango wa nyuma na Shekhe na nyundo. Kutoka hapo hadi kwenye minazi minne si mbali, hata mama yako na mguu wake atafika, tena ukiwa haujavimba. Waambie mapema, andikeni kwenye ubao wa shule, mwenyekiti akatangaze na msikitini: kuingia ni bure. Kutoka ni tofali moja kila kichwa, watoto nusu, mwenyekiti toroli zima.

Mimi mjomba wako,
Yasini